Mosi-oa-Tunya na Makorongo ya Zambezi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Watu wengi wa Afrika Mashariki wanaofika Mosi-oa-Tunya, yaani maporomoko ya Victoria, hulowa kwa manyunyu, hupiga picha mbele ya maporomoko, hununua kinyago, kisha hugeuza. Wanaondoka bila kuliona korongo, na korongo ndilo nusu ya pili ya mahali hapa. Kwangu mimi ndilo nusu iliyo bora. Majibu haya ni ya mtu anayetaka kuteremka hadi chini, kukaa kidogo na wenyeji, na kurudi akijua alichokiona.

## Mambo ya msingi

Maporomoko yako Zambia au Zimbabwe?

Yako nchi zote mbili. Mto Zambezi ndio mpaka, na maporomoko yamelala juu ya mpaka wenyewe. Upande wa Zambia mji wa karibu ni Livingstone, kilomita 10 hivi kutoka kwenye maji. Upande wa Zimbabwe mji unaitwa Victoria Falls, na kutoka mjini unatembea tu kwa miguu hadi getini. Tangu 1989 eneo hili limo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, likiwa limeandikishwa kwa majina yote mawili, Mosi-oa-Tunya na Victoria Falls.

Upana ni mita 1,708 na urefu wa kuanguka ni mita 108 pale parefu zaidi. Yako maporomoko marefu kuliko haya, na yako mapana kuliko haya. Kinachoyatofautisha ni kwamba maji yakijaa, upana wote huo huwa pazia moja la maji lisilokatika.

Korongo la Batoka ni lipi, na linahusianaje na maporomoko?

Ukisimama ukiyatazama maporomoko, korongo liko nyuma yako. Maji yakishaanguka hayaendelei mbele. Hubanwa ndani ya ufa mwembamba, hutokea kwa mlango mmoja tu, halafu huanza kukata kona kali kushoto na kulia. Makorongo ya mwanzo hutajwa kwa namba, la kwanza hadi la tano, kisha linafuata Songwe, na baada ya hapo Batoka lenyewe, ambalo linaendelea kwa zaidi ya kilomita 100 kuelekea Ziwa Kariba. Katika mazungumzo ya kawaida watu huyaita yote "Batoka", na hakuna atakayekusahihisha.

Kuta zake ni mwamba mweusi, na mahali pengine zinapita mita 200 kwenda juu. Ukiwa chini, anga hubaki mstari tu.

Makorongo haya yalitokeaje?

Mwamba wote unaouona ni basalti, lava iliyomwagika na kuganda miaka milioni 180 hivi iliyopita. Ilipopoa ilipasuka, na baadhi ya nyufa zilikuwa ndefu, zikielekea mashariki na magharibi. Baadaye zikajaa mawe laini. Mto ukifika kwenye ufa wa namna hiyo hula lile laini, huuacha ule mgumu, na hapo maporomoko huzaliwa. Miaka ikienda, maji hupata mwanya mwingine juu zaidi, huuchimba, na maporomoko huhamia huko.

Kwa hiyo kila kona ya korongo ni mahali maporomoko yalipokuwa zamani. Inakadiriwa kwamba katika miaka 100,000 hivi yamerudi nyuma kilomita 8. Kazi hiyo bado inaendelea. Upande wa Zimbabwe kuna sehemu iitwayo Devil's Cataract, iliyo chini kuliko ukingo mwingine wote, na huko ndiko mto umeshaanza kuchimba mstari wake unaofuata. Ukipita pale simama. Ni nadra kuona jiolojia ikifanya kazi mbele ya macho yako.

Je, David Livingstone ndiye aliyeyagundua?

Hapana. Zana za mawe zilizopatikana kandokando ya maporomoko zinaonyesha kwamba watu wameishi hapo tangu enzi za kale sana. Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, alipelekwa pale Novemba 1855 na watu wa Sekeletu, mtawala wa Wakololo, akafikishwa kwa mtumbwi hadi kisiwa kilicho ukingoni kabisa, akachungulia chini, kisha akayapa jina la malkia wake. Wakololo walikuwa na jina tayari, Mosi-oa-Tunya, na Watonga waliyaita Shungu Namutitima.

Msomaji wa pwani ana kisa chake hapa. Livingstone alipofariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, watumishi wake Susi na Chuma na wenzao waliubeba mwili wake kwa miguu hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Makumbusho ya Livingstone yaliyo mjini, yaliyoanzishwa mwaka 1934 na ambayo ni ya zamani na makubwa kuliko yote Zambia, yanahifadhi barua na vitu vyake. Tenga saa mbili, na uanze na vyumba vya historia ya wenyeji kabla ya chumba chake.

## Msimu na maji

Mwezi gani ni mzuri kwenda?

Inategemea unakwenda kuona nini, na jibu la maporomoko linapingana na jibu la korongo.

Mvua za Zambia na Angola hunyesha kuanzia Novemba hadi Machi, lakini maji huchukua muda kuteremka, kwa hiyo mto hufurika Machi hadi Mei, kilele kikiwa Aprili. Wakati huo manyunyu hupanda mamia ya mita na kuonekana toka mbali sana. Karibu nayo huoni kitu: unasikia mngurumo, ardhi inatetemeka chini ya nyayo, na unatoka umelowa hadi soksi. Boti za korongoni wakati huo mara nyingi husimamishwa kabisa.

Kuanzia Agosti hadi Desemba maji hupungua, ukuta wa mwamba hujitokeza, na korongo hufunguka kwa safari ndefu za boti. Oktoba ni joto kali, na mwamba mweusi wa korongoni hulihifadhi joto hilo na kulirudisha usoni mwako. Anayetaka kuonja vyote viwili aende Julai au Agosti: maji bado yanatosha, manyunyu yamepungua kiasi cha kuona, na siku hazichomi. Usiku wa Juni na Julai ni wa baridi, beba sweta.

Niliona picha za maporomoko yakiwa makavu. Yamekauka?

Hayajakauka. Picha hizo nyingi hupigwa Oktoba au Novemba upande wa Zambia, kwenye sehemu iitwayo Eastern Cataract, ambako ukingo uko juu zaidi. Maji yakipungua, sehemu hiyo ndiyo ya kwanza kukatika, huku upande wa Zimbabwe yakiendelea kumwagika. Tofauti kati ya Aprili na Novemba huweza kufika mara kumi.

Kuna sababu ya pili isiyotajwa sana. Zambia ina kituo cha umeme cha megawati 108 kinachochota maji juu ya maporomoko na kuyarudisha mtoni kwenye korongo la tatu. Msimu wa kiangazi, pengo la maji hayo yanayochotwa huonekana ukingoni. Na miaka ya ukame, kama 2019 na 2024, hali huwa mbaya zaidi. Ukisafiri kati ya Septemba na Desemba, panga kuingia upande wa Zimbabwe.

Ni kweli kuna upinde wa mvua usiku?

Ni kweli. Siku za mwezi mpevu, mwanga wake hupenya manyunyu na kutengeneza upinde hafifu, wa rangi ya fedha kwa macho na wenye rangi zaidi kwenye kamera iliyotulizwa. Hifadhi hufunguliwa usiku kwa siku chache karibu na mwezi kamili, kwa kiingilio chake. Unahitaji manyunyu mengi, kwa hiyo Aprili hadi Julai ndio wakati wake. Mawingu yakitanda, hakuna kitu, na pesa hairudishwi.

## Kufika na kuvuka mpaka

Nitafikaje kutoka Dar es Salaam au Nairobi?

Kwa nchi kavu, kutoka Dar unapitia Mbeya na Tunduma, unavuka kuingia Nakonde, unateremka hadi Lusaka, halafu basi lingine la saa saba hivi hadi Livingstone. Ni safari ya siku kadhaa, na ukiipanga upumzike Lusaka usiku mmoja hutachoka vibaya. Reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860, inatoka Dar hadi Kapiri Mposhi, na kwa anayependa treni hakuna njia nzuri zaidi ya kuingia Zambia. Ila huduma yake ya abiria imekuwa ikikatika mara kwa mara, kwa hiyo thibitisha stesheni kabla hujapanga mengine.

Kwa ndege, viwanja ni viwili, Livingstone na Victoria Falls. Kenya Airways imekuwa ikitua Victoria Falls kutoka Nairobi. Kwingine unaunganisha Lusaka, Harare au Johannesburg. Saa za huko ziko nyuma ya za Afrika Mashariki kwa saa moja.

Nahitaji viza?

Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya haombi viza ya matembezi kwa Zambia wala Zimbabwe. Beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu mpakani huulizwa. Kama unasafiri na rafiki wa uraia mwingine anayedaiwa viza, mwambie aulizie KAZA Univisa: dola 50, siku 30, nchi zote mbili, pamoja na safari ya siku moja kwenda Botswana kupitia Kazungula.

Anayetaka kuliona daraja tu anaweza kuomba kipande cha karatasi pale uhamiaji, akatembea hadi katikati ya daraja na kurudi bila kugongewa muhuri wa kutoka. Usikipoteze.

Upande upi ni bora?

Zimbabwe unaona zaidi: karibu robo tatu ya maporomoko, ukitembea kwa njia ya tambarare ndani ya msitu wa mvua uliozaliwa na manyunyu yenyewe. Zambia uko karibu zaidi, na daraja dogo la waenda kwa miguu liitwalo Knife-Edge hukupitisha katikati ya maji yanayopanda kutoka chini. Zambia pia ndiko kuna njia ya kuteremka hadi mtoni kwa miguu yako, bila kumlipa mtu wa boti. Kwa sababu hiyo, mwenye muda wa upande mmoja tu, kati ya Februari na Julai, namshauri Zambia.

Nibebe pesa gani?

Zambia ni kwacha. Zimbabwe dola ya Marekani inatumika kila mahali, ikiwa pamoja na sarafu ya ZiG iliyoanza mwaka 2024. Beba noti ndogondogo na safi, kwa maana noti iliyochanika hukataliwa na chenji ni shida. Viingilio vya hifadhi vina viwango tofauti kwa raia, kwa wageni wa nchi za SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, Tanzania ikiwamo) na kwa wageni wengine. Mtanzania aonyeshe pasipoti getini ili asitozwe kiwango cha juu.

## Kuteremka korongoni

Naweza kufika chini bila kupanda boti?

Unaweza, na kama utafanya jambo moja tu baada ya kuyatazama maporomoko, liwe hili. Upande wa Zambia, ndani ya hifadhi, kuna njia inayoteremka hadi Boiling Pot, pale maji yote ya Zambezi yanapotokea kwenye korongo la kwanza na kugonga ukuta.

Mwanzo ni ngazi za mawe kwenye jua. Baada ya hapo unaingia kwenye kivuli cha mitende, hewa inabadilika ghafla, inakuwa ya ubichi na harufu ya majani yaliyooza, na mngurumo uliokuwa juu yako unakuja sasa kutoka pembeni. Kuna kijito cha kuvuka kwa kukanyaga mawe. Msimu wa maji mengi kijito hicho hufunika mawe na inabidi uvue viatu au urudi. Nyani hukaa njiani na hawaondoki. Mwisho wa njia ni mawe makubwa meusi yaliyolainishwa na maji, na mbele yake mto unazunguka taratibu, rangi ya chai ya maziwa au kijani kulingana na mwezi, ukijikunja na kuinuka katikati bila jiwe lolote linaloonekana. Ukiinua macho, daraja liko juu kabisa na mtu anayetembea juu yake ni nukta.

Kushuka ni nusu saa. Kupanda ni zaidi, hasa adhuhuri. Beba maji, vaa viatu vyenye meno, na usikaribie ukingo: mawe huwa na utelezi hata yakionekana makavu.

Safari ya boti la mpira ikoje?

Zilianza kibiashara mwaka 1981, na leo watu wa mito duniani huutaja Zambezi miongoni mwa mito migumu inayofaa kwa wageni wasio na ujuzi. Mikondo mikali imepewa namba hadi 25, na mingi ina majina yake. Maji yakiwa machache unaanzia karibu na Boiling Pot. Yakiwa mengi unaanzia mkondo wa 10 au 11 kwenda chini. Yakizidi, hakuna safari. Mkondo wa 9 hauvukwi na abiria: mnashuka, mnatembea juu ya mawe, na waongozaji huupitisha mtumbwi mtupu.

Uzuri wa Zambezi ni kwamba baada ya kila mkondo mkali kuna maji yaliyotulia. Boti likipinduka, na mara nyingi hupinduka, una nafasi ya kuokotwa kabla ya mkondo unaofuata. Mwongozaji atakufundisha amri mwanzoni: piga kafi mbele, rudisha nyuma, inama chini na ushike kamba. Zitii papo hapo. Ukianguka, lala chali, miguu mbele, vuta pumzi ukiwa kwenye bonde la wimbi na si kwenye kilele chake.

Wageni hujiandaa kwa mto na kusahau kwamba siku inamalizika kwa kupanda ukuta wa korongo. Njia ni ya mawe na ngazi za miti, mwinuko wa zaidi ya mita 200, ukiwa umeshachoka. Kwenye njia hiyohiyo utapishana na vijana wa vijiji vya jirani wamebeba boti na makasia mabegani, wengi wao wakiwa na ndala. Kazi hiyo ndiyo ada ya shule ya watoto wengi wa huko. Kama una cha kumpa mtu siku hiyo, wape wao.

Sijui kuogelea. Nitaruhusiwa?

Kampuni nyingi huruhusu, kwa sababu jaketi la kuokolea huvaliwa muda wote na kuna watu wa kayaki wanaofuata kuokota walioanguka. Lakini jiulize swali tofauti: ukizamishwa kwa sekunde chache kwenye maji meusi, utatulia au utapaparika? Anayepaparika asiende, hata kama anajua kuogelea. Waambie ukweli wako kabla ya kuteremka. Watakukalisha katikati ya boti.

Mwenye mimba, mwenye shida ya moyo, mgongo au bega linalochomoka mara kwa mara, abaki juu.

Na mamba je?

Wapo. Kwenye makorongo ya juu, kwenye maji ya kasi, wengi ni wadogo. Kadiri unavyoteremka kuelekea Kariba, maji yanavyotulia, ndivyo wanavyoongezeka na kukua. Ndiyo maana mwongozaji atakuruhusu kujitupa majini sehemu moja na kukukataza nyingine. Juu ya maporomoko hali ni tofauti kabisa: huko kuna viboko na mamba wakubwa, na hakuna mahali pa kuogelea kiholela.

Banji na bwawa la ukingoni ni salama kiasi gani?

Kuruka kwa kamba kutoka darajani ni mita 111. Desemba 31, 2011, kamba ilikatika na mrukaji akaanguka mtoni miguu ikiwa imefungwa, alinusurika. Tangu hapo watu wengi wameruka na kurudi salama, lakini uamuzi ufanye ukijua hilo.

Devil's Pool ni dimbwi lililo ukingoni mwa maporomoko, karibu na Kisiwa cha Livingstone, ambako ukuta wa mwamba chini ya maji humzuia mtu asichukuliwe. Hufunguliwa maji yakipungua, kwa kawaida katikati ya Agosti hadi Januari, na kwa mwongozaji tu. Akikuonyesha mtu wa mtaani njia ya mkato kwenda huko, kataa. Wamekufa watu kwenye ukingo ule.

Kuna wanyama na ndege gani?

Kwenye kuta: pimbi, mbuzi mawe na nyani. Angani: tai weusi wanaojenga viota kwenye majabali, na kozi wa Taita, ndege mdogo mnene mwenye kasi, mmoja wa kozi adimu zaidi Afrika. Aliitwa kwa jina la milima ya Taita ya Kenya, na korongo hili ni mojawapo ya makao yake yanayojulikana sana. Asubuhi na mapema au jioni, ukiwa na darubini na subira, tazama anga iliyo usawa wa ukingo.

Hifadhi ya Mosi-oa-Tunya ya Zambia, kilomita za mraba 66, ina vifaru weupe wanaolindwa na askari usiku na mchana, na unaweza kuwakaribia kwa miguu ukiwa na askari hao.

## Watu wa korongo

Wenyeji ni akina nani?

Upande wa Zambia, kandokando ya maporomoko ni Waleya, ndugu wa karibu wa Watonga, chini ya machifu Mukuni na Sekute. Watonga wenyewe wameenea pande zote mbili za mto, kufuata korongo hadi Kariba. Kwa Waleya maporomoko ni mahali pa mizimu ya wazee wao, na kuna sehemu kando ya maji zinazotumika kwa matambiko hadi leo. Ukimkuta mtu amekaa peke yake karibu na maji, kimya, usimwelekezee kamera.

Sherehe yao kubwa, Lwiindi, hufanyika kwa kawaida Julai. Ukibahatika kuwapo, omba ruhusa kwa wazee kabla ya kuingia uwanjani.

Inafaa kutembelea kijiji cha Mukuni, au ni maonyesho ya watalii?

Inafaa. Ni kijiji cha watu maelfu wanaoishi maisha yao, wakiwa na kiwanda cha vinyago chini ya mti na shule yenye kelele. Jambo la kuulizia ni cheo cha Bedyango. Masimulizi yao yanasema Mukuni wa kwanza alipofika aliwakuta Waleya wakiongozwa na mwanamke, na wakakubaliana kugawana: yeye akachukua utawala, mwanamke akabaki na ardhi na mambo ya mizimu. Cheo cha mwanamke huyo kipo bado, kikirithishwa, sambamba na cha chifu. Utalii mwingi wa vijijini huonyesha ngoma na kuficha siasa. Hapa mtu akiuliza kwa adabu huelezwa siasa yenyewe.

Lipa ada iliyowekwa, chukua kiongozi wa kijijini, na zawadi za watoto mpe mwalimu. Pipi za barabarani zinawafundisha watoto kuombaomba.

Yule nyoka mwenye kichwa cha samaki anayeuzwa kila mahali ni nani?

Ni Nyami Nyami, mungu wa mto wa Watonga wa bonde la Zambezi. Bwawa la Kariba lilipojengwa kati ya 1955 na 1959, Watonga wapatao 57,000 walihamishwa kutoka kwenye ardhi yenye rutuba ya mtoni na kupelekwa kwenye nchi kavu. Wazee walisema Nyami Nyami hatakubali kutenganishwa na mkewe aliyekuwa upande wa pili. Mwaka 1957 mto ukafurika vibaya, na 1958 ukafurika zaidi, ukabeba mitambo na daraja la kazi. Bwawa lilikamilika hata hivyo, na wafanyakazi 86 walipoteza maisha katika ujenzi wake.

Ukinunua kidani cha Nyami Nyami, unavaa kumbukumbu ya watu waliohamishwa. Mwulize mchongaji akueleze kisa chake. Wengi wana babu au bibi aliyepakiwa kwenye lori.

Nitasikia wapi ngoma za Kitonga zenyewe?

Hotelini utasikia mchanganyiko wa ngoma za makabila mengi. Ngoma buntibe, ambayo hupigwa kwa magoma makubwa pamoja na pembe za swala ziitwazo nyele, kila mpuliza pembe akiwa na sauti moja tu ya kuingiza kwa zamu, ni ya misiba na matambiko, na haipangwi kwa ratiba ya mgeni. Mwenye nia afike Binga, Zimbabwe, kwenye ufuo wa Kariba, kuna makumbusho ya Watonga na vikapu vyao vilivyofumwa vizuri mno. Ni mbali na barabara ni ngumu, ila inalipa.

Daraja lina historia gani?

Lilifunguliwa mwaka 1905, urefu wa mita 198, likiwa mita 128 juu ya maji. Vyuma vilitengenezwa Uingereza na kuunganishwa hapo. Cecil Rhodes, mkoloni wa Kiingereza, ndiye aliyetaka reli ipite karibu na maporomoko hadi manyunyu yalowanishe mabehewa, ingawa alikufa 1902 bila kuyaona. Agosti 1975 behewa liliegeshwa katikati ya daraja hili, juu ya mpaka, Ian Smith, kiongozi wa serikali ya Wazungu wachache ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo), akakaa upande mmoja wa meza na viongozi wa ukombozi wa Zimbabwe upande wa pili, Rais Kaunda wa Zambia na Waziri Mkuu Vorster wa Afrika Kusini wakiwa wasimamizi. Mazungumzo yalivunjika. Bado treni na malori hupita. Likipita treni, simama tu, utalisikia daraja lote.

Kiswahili kitanisaidia?

Kidogo. Utakutana na madereva wa malori wanaokijua, lakini lugha za Livingstone ni Kitonga, Kilozi, Kinyanja na Kiingereza. Asubuhi sema "Mwabuka buti", utajibiwa "Kabotu". Asante ni "Twalumba". "Shikamoo" haina kazi huko. Heshima kwa mzee huonyeshwa kwa kuinama kidogo na kupiga makofi ya taratibu, viganja vikiwa vimekunjwa.

## Maswali ya pembeni

Naja na watoto na mama mzee. Tufanye nini?

Njia za juu za Zimbabwe ni tambarare na zina madawati. Boiling Pot mwacheni mama juu, kwa sababu ya kupanda. Boti za korongoni kwa kawaida huanzia miaka 15. Badala yake chukueni boti ya jioni juu ya maporomoko, mto ukiwa umetulia na viboko wakichungulia. Kingo nyingi za njia upande wa Zimbabwe hazina uzio wa maana. Mtoto ashikwe mkono.

Nyani wameninyang'anya mfuko. Nifanye nini?

Uache. Usivutane nao. Wakishaona hakuna chakula huutupa. Tatizo huanza na mfuko wa plastiki mkononi, maana wamejifunza kwamba ndani mna ndizi. Weka chakula ndani ya begi lenye zipu, na pasipoti mfukoni mwilini.

Nasikia korongo litazamishwa kwa bwawa. Ni kweli?

Mpango upo wa miaka mingi. Mamlaka ya Mto Zambezi, chombo cha pamoja cha Zambia na Zimbabwe, inataka kujenga bwawa la mita 181 ndani ya Batoka, kilomita 50 hivi chini ya maporomoko, la kuzalisha megawati 2,400 za kugawana. Likijengwa, maji yatarudi nyuma korongoni na kufunika sehemu kubwa ya mikondo, fukwe za mchanga na viota vya chini vya tai na kozi.

Hoja ya umeme ni nzito. Ukame wa 2024 uliishusha Kariba kiasi kwamba nyumba nyingi Zambia zilikaa gizani sehemu kubwa ya siku. Lakini bwawa lingine juu ya mto uleule hutegemea mvua zilezile, na wabeba boti wa vijiji vya ukingoni watapoteza kazi ambayo umeme hautawarudishia. Mimi nataka korongo libaki, na kila anayelipa kuteremka kule huongeza uzito wa hoja hiyo mezani.

Nina siku moja tu. Nianzie wapi?

Fika getini Zambia linapofunguliwa. Teremka Boiling Pot kwanza, kabla jua halijaingia korongoni, kisha panda na uyaone maporomoko ukiwa umeshajua maji yanakwenda wapi. Mchana nenda Mukuni. Jioni tembea darajani na karatasi yako ya uhamiaji (tazama swali la viza), na uangalie saa: mpaka una saa yake ya kufungwa.